Uzi Mweusi wa Mtaa wa Tenter

Katika mtaa wa Tenter hukuzaliwa ila mikononi mwa Keziah Ollerenshaw, wala hukuzikwa kabla mikono hiyo hiyo haijakuosha, ikakuwekea peni mbili juu ya macho na kukufunga kidevu kwa kitambaa safi, usije ukaingia kaburini umeachama kama mtu aliyesikia umbea. Kati ya siku hizo mbili ulikuwa huru kuishi upendavyo, ilmradi usimpite mlangoni bila kumwamkia.

Alikuwa mfupi, mpana, mwenye mikono mikubwa iliyoiva kwa maji ya moto na sabuni. Kiwandani alifanya kazi tangu ana miaka minane hadi arobaini, na magoti yalipochoka kusimama mbele ya mitambo ya kufumia pamba akabaki na kazi aliyoirithi kwa mama yake, ya kuzalisha wanawake na kuosha maiti. Kusoma hakujua. Kuandika alijua alama moja, msalaba, ule unaouweka pale mwenzio anapoweka jina, na msalaba wake ulijaa katika kitabu cha msajili wa vifo, maana mara nyingi yeye ndiye aliyekuwepo roho ilipotoka. Msajili wa zamani, mzee mmoja mpenda usingizi, hakuwa na maswali mengi. Nani leo, na kimemwondoa nini? Keziah alikuwa na majibu yake. Mtoto mchanga aliyekufa mwezi wa Agosti alikufa kwa meno, hata kama hakuwa na jino hata moja. Mfumaji alikufa kwa kifua. Bibi wa miaka themanini alikuwa amechoka. Msajili alichovya kalamu akayageuza hayo kuwa maneno marefu yenye heshima, na kila mtu akaridhika, marehemu akiwa wa kwanza.

Lakini fahari yake kubwa ilikuwa mguso. Bonde zima la viwanda lilijua kwamba ukiingia nyumba yenye msiba unamgusa marehemu kwenye paji la uso, kwa kiganja, polepole. Usipomgusa utamwota. Atakuja kukaa ukingoni mwa kitanda chako na kukuangalia. Ukimgusa, mmeagana, kila mmoja na njia yake. Na kwa kuwa viwanda havifungwi mchana ila Jumamosi, maiti hulazwa chumba cha mbele siku tatu, nne, jeneza wazi, watu wakiingia na kutoka, chai ikichemka, paja la nguruwe limekatwa vipande vyembamba. Watoto wadogo wasiofika juu Keziah aliwainua mwenyewe, mikono yake chini ya makwapa yao, akiwaambia, "Haya mwanangu, muage mwenzio." Hakuna aliyeinua watoto vizuri kama yeye. Hata Dorcas Pilling, mwoshaji wa mtaa wa pili wa Bobbin, mwanamke mrefu mwenye kofia ya maua ya nta, alilijua hilo, na liliwasha roho yake kwa miaka ishirini na mbili.

Basi ndipo baraza la mji likamleta Bwana Afya.

Aliitwa Daktari Fairbrass. Alikuwa kijana wa miaka ishirini na saba, shingo ndefu, viatu vya kung'aa, navyo viling'aa siku ya kwanza tu. Alichungulia vyoo. Alihesabu vichwa katika kila chumba. Alinusa mapipa ya maji, na watoto wa Tenter wakamfuata kwa mstari, nao wakinusa kila alichonusa, kwa uso wa kitaalamu kabisa. Alimuuliza Keziah choo cha uani kinatumiwa na nyumba ngapi, akaambiwa kumi na moja. Akauliza kinazolewa lini.

"Kikijaa, baba," Keziah akamjibu. "Kwenu huzolewa kabla?"

Daktari alicheka, na hapo Keziah alianza kumpenda kidogo, jambo ambalo hakulionyesha. Akampa mkate wa shayiri wenye jibini akaula wote. Ila walipofika kwenye habari ya vifo urafiki uliisha. Daktari alisema meno hayaui mtu; watoto wa Agosti wanauliwa na maziwa yaliyochacha na nzi wa chooni. Keziah akamwambia akawaeleze hayo watoto wenyewe, wako makaburini upande wa kushoto ukiingia.

Oktoba ikaja homa nyekundu. Mtoto anaamka na koo linauma, jioni ngozi imewaka kama jogoo aliyenyonyolewa, ulimi mwekundu wenye vidoadoa, na wengine wakapona, na wengine hawakupona. Daktari akabandika karatasi ukutani: aliyekufa kwa homa hiyo afungwe ndani ya jeneza siku hiyo hiyo, na watu wasiingie nyumbani mwake. Karatasi ilikuwa nzuri, nzito. Keziah aliibandua akaitandika kwenye rafu ya masufuria.

Daktari alikuja kuuliza.

"Mimi nimegusa maiti miaka thelathini," Keziah akamwambia akiwa amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mbona sijafa?"

"Kwa sababu uliugua homa hii utotoni, mama. Anayeiugua mara moja aghalabu hairudii. Watoto hawajaiugua."

"Umesikia mwenyewe. Sijafa." Akafunga mlango.

Sasa, Jumanne moja ya mwisho wa Oktoba akafa Seth Clegg wa nyumba namba tisa. Alikuwa na miaka sita, na pengo mbele alilolitumia kupigia mluzi, mluzi uliowasumbua farasi wa mkokoteni wa makaa mpaka mwenye mkokoteni akamwomba mama yake amnunulie mtoto jino. Mama yake, Hannah, alikuwa mjane, mfumaji wa mitambo minne, na hakuwa na mwingine. Keziah alimwosha Seth asubuhi ile huku akimsemesha, kama alivyowasemesha wote, akamvika shati lake la Jumapili. Mwalimu wa shule ya Jumapili akaja kusema kwamba darasa lote, watoto arobaini na wawili, wangekuja Jumamosi alasiri kumgusa mwenzao. Hannah alifarijika. Keziah alikuwa tayari anawaza atakavyowapanga mstari.

Jumatano jioni, Daktari akabisha hodi. Keziah alikuwa na mumewe Jabez, mzee aliyeachwa kiziwi na mitambo, anayefuga njiwa na kuwapenda kuliko wanadamu kwa kuwa hawalazimiki kurudia walichosema. Daktari hakuja na karatasi ya kubandika safari hii. Alikuwa na daftari.

"Sikuja kubishana, Mama Ollerenshaw," alisema. "Nimekuja kuuliza. Mimi nina tarehe, wewe una watu. Nisaidie."

Kuombwa msaada na msomi kuna utamu wake. Keziah akavuta kiti.

Daktari akasoma. Emily Shorrock, miaka minne, tarehe tatu Oktoba, wa kwanza mtaani. Keziah alimkumbuka vizuri. Siku ya mguso wake watu walijaa mpaka barabarani. Walter Haslam, miaka mitano, tarehe kumi na mbili. Daktari akauliza kama Walter alikuwa akicheza na Emily. Keziah akacheka: wapi, hao wa mwisho wa mtaa kule na hao wa mwanzo huku, mama zao hawakuwa wanasemezana tangu mambo ya kamba ya kuanikia nguo.

"Basi walikutana wapi?"

Hapo Keziah akakumbuka. Walikutana chumba cha mbele cha akina Shorrock. Mama Haslam alikuja kwa sababu msiba ni msiba, kamba au si kamba. Walter alikuwa mfupi. Alimwinua yeye, na mtoto akageuka akamwambia, "Bibi, ana baridi kama kioo cha dirisha."

Daktari akasoma wa tatu, Annie Birtwell, tarehe kumi na nne. Naye alikuwa pale pale. Keziah alikumbuka riboni yake iliyomwingia jichoni alipokuwa akimwinua. Daktari akasoma wa nne, Seth Clegg, jana yake. Seth alikwenda kwenye mguso wa Annie. Hakutaka kugusa. Alijificha nyuma ya sketi ya mama yake, na Keziah akambembeleza kwa donge la sukari, akamwinua.

Daktari akamwachia hesabu aifanye mwenyewe. Hilo ndilo lililomwokoa; angesema lolote, Keziah angembishia. Alikaa tu na daftari lake, na makaa yakaporomoka ndani ya jiko, na Jabez akaangalia uso wa mkewe kisha akaangalia njiwa wake.

"Funga hilo daftari," Keziah akasema mwishowe. Alikuwa anaitazama mikono yake, imetulia juu ya aproni kama ya mtu mwingine. Baadaye akasema, "Hannah hajui."

"Kwangu hatajua."

"Wala kwa mtu yeyote." Akainuka, akapangusa meza iliyokuwa safi. "Ile dawa yako ya kusafishia vyoo, inayonuka lami. Unayo nyingi?"

Daktari alikuwa nayo pipa zima. Akasema atakwenda kumwomba mkuu wa polisi aweke askari mlangoni kwa Hannah siku ya Jumamosi. Hapo Keziah alipata nguvu za kucheka. Askari? Watu wa Tenter wangepita dirishani. Na kama yeye Keziah angesimama aseme kuanzia leo hakuna mguso, wangemwonea huruma, waseme kazeeka, kisha wangempeleka mtu mbio Bobbin kumwita Dorcas Pilling, na Dorcas angekuja na maua yake ya nta, afungue jeneza kwa furaha, awainue watoto arobaini na wawili mmoja mmoja. Hapana. Neno la kumzuia mtu asimuage maiti wake halijatungwa.

Alhamisi mapema akaenda kwa Hannah. Hakuwa amejua atasema nini, na kwa mtu ambaye tangu azaliwe hajakosa la kusema, hilo lilimtisha kuliko homa. Hannah alikuwa ameketi kando ya jeneza, uzi mmoja wa pamba mkononi, anauzungusha kidoleni, anaukunjua, anauzungusha. Wafumaji wote hufanya hivyo. Vidole vyao havijui kupumzika.

"Bi Keziah," akasema bila kuinua uso. "Watamgusa wote, sivyo? Alikuwa anapenda watu. Asiondoke kama mtu asiye na watu."

"Ataguswa na wengi kuliko yeyote aliyewahi kufa mtaa huu," Keziah akajibu, na kabla hajaupata mwisho wa mawazo yake ulimi ulikwisha kutangulia. "Tutamgusa kwa uzi."

"Kwa uzi?"

"Hujui mguso wa uzi?" Keziah akakaa chini kwa kishindo, kama mtu aliyestaajabu. "Kumbe vijana mmeachwa hivi hivi! Bibi yangu mzaa mama, kule juu vilimani kwa wafuga kondoo, ndivyo walivyofanya. Mwaka wa theluji kubwa, watu hawafiki mlangoni, wakafunga jeneza, wakafunga uzi mweusi kwenye mshikio wake, wakaupitisha dirishani, ukashuka kilima. Kila aliyeushika amegusa. Watu mia na zaidi. Hakuna hata mmoja aliyeota."

"Sijawahi kusikia."

"Hujasikia kwa kuwa watu siku hizi wavivu. Wanagusa kwa mkono kwa sababu ni rahisi."

Hannah alifikiri. Keziah akamwacha afikiri kidogo, kisha akaushika ule uzi mkononi mwake kwa ncha.

"Wewe mfumaji, mwanangu. Uzi ukivutwa upande ule wa mtambo, mkono wako upande huu haujui?"

"Unajua."

"Basi."

Hannah alimbusu mwanawe, naye Keziah akamwachia, maana yeye mwenyewe alimuuguza Hannah homa hiyo hiyo alipokuwa na miaka saba na alikumbuka ngozi ilivyombambuka. Kisha mfuniko ukashuka, na Keziah akaupigilia misumari kwa mkono wake, kumi na miwili, hakupinda hata mmoja. Daktari alileta dawa, wakaosha jeneza, sakafu, kitanda, milango, wakachoma godoro uani. Nyumba ilinuka kama barabara mpya. Majirani walipouliza harufu ni ya nini, Keziah aliwaambia mguso wa uzi bila lami si mguso, bibi yake alitumia lami ya kondoo.

Jumamosi saa saba king'ora cha kiwanda kililia, na saa nane mtaa ulikuwa umefurika. Uzi ulitoka dirishani kwa Hannah, uzi wa sufu, mweusi, umelowekwa dawa na kukaushwa, ukashuka ukingoni mwa barabara ukizipita nyumba saba, na mwisho wake alikuwa ameushika Jabez, kofia kifuani. Watu waliuangalia kama wanaangalia nyoka. Kazi ya kushika ncha ilimfaa mzee, ila viziwi hawajui sauti zao, na Jabez akapaza yake mpaka mtaa wa pili.

"Keziah! Bibi yako si alikuwa anauza samaki mjini?"

Wanawake wa viwandani, kwa kelele za mitambo, husemezana kwa midomo bila sauti, na mtaa mzima unaisoma midomo kama wengine wanavyosoma gazeti. Keziah akamgeukia mumewe na kusema kwa midomo tu, pole pole ili aelewe, kwamba akisema neno jingine leo atalala na njiwa wake.

Jabez akafikiri. "Aa," akapaza tena. "Yule mwingine."

Watu wakacheka, na kicheko kile kikalegeza mambo. Mzee mmoja akaushika uzi, kisha mwingine. Hapo ndipo Dorcas Pilling alipotokea pembeni mwa barabara, kofia yake ya maua juu. Akasimama upande wa pili na kumwambia mwenzake kwa midomo, huku akijua fika kila mtu anasoma, "Uzee umemwingia. Anaogopa maiti."

Keziah akamjibu vile vile, bila sauti, ng'ambo ya barabara. "Nimekuwekea nafasi mwanzo wa uzi, Dorcas. Karibu na dirisha, macho yako yasipate taabu."

Dorcas akaacha mambo ya midomo. Alitamka kwa sauti kwamba yeye alilelewa akimgusa marehemu kwa mkono kama Mkristo, na kama mwenye nyumba hana mtu wa kufungua jeneza, yeye ana nyundo mfukoni. Akavuka barabara. Watoto arobaini na wawili waliokuwa wamepangwa mstari na mwalimu wao wakaanza kumfuata, kwa sababu watoto humfuata anayetembea. Keziah akajaza mlango. Alikuwa mpana vya kutosha, lakini kwa mara ya kwanza maishani hakuwa na neno la kumpa Dorcas ambalo angeweza kulisema mbele ya Hannah.

Ni Hannah aliyesema. Alikuwa amesimama dirishani, uzi viganjani.

"Bi Dorcas," akasema, polepole tu. "Unakanyaga uzi wa mwanangu."

Dorcas akatazama chini. Kweli, kiatu chake kilikuwa juu ya uzi. Mtaa mzima ulikuwa unakitazama kiatu kile. Akainua mguu. Akabaki hivyo kidogo, mguu mmoja juu, kama korongo mwenye maua ya nta, kisha akauweka pembeni, akainama, akauokota uzi kwa vidole viwili, na baada ya hapo kwa mkono mzima.

Baada ya hapo watoto walipita bila matata. Kila mmoja aliushika, akafumba macho, akahesabu mpaka tatu kama Keziah alivyowaagiza, kwa sababu alifikiri desturi ya kale lazima iwe na hesabu ndani yake. Mmoja aliapa kwamba Seth alivuta. Wengine wote wakarudi nyuma ya mstari wapate kuvutwa. Uzi ulizungushwa, ukashushwa kaburini pamoja naye, na Hannah alikula vipande viwili vya nyama na kuomba chai tena, naye alikuwa hajala tangu Jumanne.

Kisha ikaja wiki ya kungoja. Daktari alisema ubaya, kama upo, utaonekana ndani ya siku saba. Kila asubuhi Keziah alisimama karibu na bomba la maji, akijifanya ana habari za kusimulia, na kila mtoto aliyepita akamwambia atoe ulimi. Akiulizwa kwa nini, alijibu kwamba anatafuta aliyesema uongo. Jumatatu ndimi zote njema. Jumanne, Jumatano njema. Alhamisi akapita Tabitha Shorrock, mdogo wake yule marehemu Emily, akatoa ulimi, na ulikuwa mwekundu kama damu.

Keziah hakujua alivyomfikia. Alimbeba mtoto kwapani, akapiga magoti chini ya bomba, akamshika kidevu na kuusugua ulimi kwa ncha ya aproni huku midomo yake ikisema maneno ambayo mpaka leo hakuna aliyeyasoma. Tabitha alipiga kelele mpaka watu wakatoka majumbani. Na aproni ikawa nyekundu, na ulimi ukawa wa kawaida, na mfukoni mwa Tabitha mlikuwa na peremende nyekundu nne alizoziiba kwenye duka la shangazi yake.

Keziah akakaa kwenye maji yaliyomwagika, akacheka mpaka Mama Shorrock akadhani ni yeye aliyeshikwa na homa. Tabitha alichapwa kwa wizi, na Keziah akamnunulia peremende nyingine, akamwambia hizi ni za halali.

Jumamosi ikapita. Katika watoto arobaini na wawili hakuna aliyeugua. Novemba yote hakufa mtoto mtaa wa Tenter. Ila homa yenyewe haikufa. Ilivuka, ikaenda Bobbin.

Katikati ya Desemba Daktari akaja tena, viatu vyake sasa havikumbuki kung'aa. Keziah alikuwa anageuza mikate ya shayiri juu ya bamba la moto. Daktari alikaa, akapewa, akala. Alikuwa anaandika ripoti yake ya mwaka kwa baraza la mji, kila kifo na sababu yake, na kulikuwa na jambo moja lililomtatiza. Huko Bobbin alikufa binti wa miaka mitatu wiki iliyopita. Alikwenda mbio akitarajia mabaya, akakuta jeneza limepigwa misumari, limeoshwa kwa lami, na uzi unatoka dirishani.

Keziah akageuza mkate. "Uzi gani?"

"Mweupe. Wenye mafundo. Bi Pilling anasema ni desturi ya bibi yake, kutoka ng'ambo ya vilima. Anasema ni ya kale kuliko ya kwenu."

Mkate uliungua, jambo ambalo Jabez hakuwahi kuliona katika miaka thelathini na sita ya ndoa. Aliuona mdomo wa mkewe pia, na kwa mara hiyo moja akashukuru kwamba haukuwa na sauti.

"Sasa mimi nataka kuandika ukweli," Daktari akaendelea, uso mzito kama wa hakimu. "Kwamba desturi ilianzia kwako, mama. Au kwa bibi yako. Ripoti husomwa barazani, na gazeti huichapa."

Jina lake gazetini. Yeye aliyejua msalaba tu. Keziah akaukwangua mkate ulioungua kwa kisu, polepole.

"Na Dorcas akilisoma?"

"Wewe unamjua kuliko mimi."

Alimjua. Dorcas angeukata uzi siku hiyo hiyo kwa meno yake. Angesema kumbe ni takataka za Tenter, angefungua majeneza yote ya Bobbin, angeanza kuinua watoto. Keziah alimwona waziwazi, mrefu, mikono yake mirefu chini ya makwapa madogo. Akakwangua mkate mpaka ukabaki hauliki, akamrushia njiwa mmoja wa Jabez, naye njiwa hakuutaka.

"Mwandike yeye," akasema.

Daktari akainua kichwa. "Una hakika?"

"Andika Dorcas Pilling wa Bobbin. Andika na bibi yake, na hayo mafundo yake. Nyumba ngapi kule zimekwisha utumia?"

"Tatu."

"Haya." Akamwaga unga mwingine, akaanza upya kukanda, kwa nguvu kuliko unga ulivyohitaji. Daktari alikuwa amekwisha chovya kalamu na kuandika mstari mzima ndipo Keziah akamsemesha tena, bila kugeuka. "Lakini uandike kwamba wa kwake ulikuwa mfupi."

"Mama, ripoti haina nafasi ya urefu wa uzi."

"Ina nafasi ya vyoo vyetu vyote, itakosa ya uzi?"

Daktari alimtazama Jabez, ambaye alimwinulia mabega kama mtu anayemwambia mgeni kwamba huku ndiko mvua inakonyeshea. Basi akachovya kalamu mara ya pili, akauliza wa Tenter ulikuwa na urefu gani hasa. Keziah akapangusa mikono kwenye aproni, akatoka mlangoni kwenye baridi, na kuanza kumhesabia nyumba.